Walimu waliotoka utumwani: Rabai, Freretown na majina ambayo vitabu vya shule viliyaruka

Mleta mada

Wanajamvi, salaam.

Anayetoka kisiwani Mombasa kwa matatu, akavuka daraja la Nyali kuelekea Kisauni, humsikia makanga akiita "Kengeleni!" na abiria wakashuka bila hata mmoja kuuliza kengele yenyewe ni ipi. Iko pale pale, imetundikwa katika mnara mdogo wa mawe kando ya njia panda, na waliokuwa wakiisikiliza zamani walikuwa watu waliokwisha kuuzwa mara moja na hawakutaka kuuzwa mara ya pili. Nilisoma shule ya msingi si mbali na hapo. Katika somo la historia tulikariri kwamba Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, kwamba Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, na kwamba wawili hao walifungua kituo cha Rabai, chimbuko la elimu nchini Kenya. Hakuna aliyenitajia William Jones, wala George David, wala Ishmael Semler, walimu waliowahi kuwa watumwa.

Hoja yangu ni kwamba Rabai na Freretown, yale makazi ya waliokombolewa penye kengele hiyo, tukizitazama kama shule na si kama majengo tu, zilisimamishwa na Waafrika waliokombolewa kutoka utumwani, na kwamba kuwaita "wasaidizi wa wamisionari", kama vitabu vinavyofanya pale vinapowakumbuka, ni kuigeuza habari yenyewe kichwa chini miguu juu.

Tuanze na hesabu ya watu waliokuwapo. Krapf aliondoka pwani katika miaka ya 1850 kwa sababu ya afya, baada ya kumzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga mwaka ule ule wa 1844 aliofika. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875, na alipoondoka alikuwa karibu kipofu, akisindikizwa hadi Ulaya na kijana wa hapa hapa, Isaac Nyondo. Katika muda wote huo Wakristo wa Rabai walikuwa wachache mno. Kilichobadilisha mambo ni kundi lililowasili katika miaka ya 1860 kutoka India, la watu ambao Waingereza waliwaita Waafrika wa Bombay.

Hao walikuwa watoto waliokamatwa bara, wakatembezwa hadi pwani, wakapakiwa katika majahazi, kisha wakaokolewa baharini na manowari za Uingereza zilizokuwa zikiwinda biashara hiyo katika Bahari ya Hindi. Kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kuwarudisha, wengi waliteremshwa Bombay, na baadhi wakapelekwa Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, ambako CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza, lilikuwa na kijiji cha Wakristo na makao ya Waafrika waliokombolewa. Huko walifundishwa kusoma na kuandika, walijifunza Kiingereza na Kihindustani, na kila mmoja alipewa kazi ya mikono kama vile uhunzi, useremala au uashi. Walirudi Afrika wakiwa watu wazima wenye wake, majina ya kigeni na ujuzi ambao Rebmann peke yake asingeweza kuutoa.

Baada ya Sultani Barghash bin Said kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la watumwa Unguja, CMS ilimtuma William Salter Price, yule yule aliyekuwa kiongozi wa Sharanpur, aje kutafuta ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Ndipo Freretown ilipozaliwa mwaka 1875, ikapewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kuudai mkataba huo. Price alipofika aliwakuta watu wa Bombay wakiwa tayari kazini, na George David ndiye aliyekuwa nguzo ya Rabai. Waliokuwa wakiteremshwa kutoka manowarini, wengi wao watoto, walipokelewa na kufundishwa na watu waliokwisha kuipita njia ile ile. Hilo ndilo ninalolitaka lijadiliwe.

Mchangiaji wa Mji wa Kale

Ndugu mleta mada, umesema vyema, lakini umeanza na kosa lile lile unalolishutumu. Umeandika "chimbuko la elimu nchini Kenya" kana kwamba ni jambo lililokubaliwa, kisha ukaendelea kubishana juu ya nani apewe sifa. Sisi wa Mji wa Kale tunauliza swali la kabla ya hilo. Krapf alipoteremka mwaka 1844, watoto wa Mombasa walikuwa chuoni wakisoma Kurani, na waliokuwa wakubwa zaidi walikuwa wakiandika barua, hati za mirathi na mashairi kwa herufi za Kiarabu. Muyaka bin Haji, ambaye tungo zake zingali zinasomwa, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1840. Mji wenye mshairi wa daraja hiyo hauwezi kuwa mji uliokuwa ukimsubiri mgeni auletee kalamu.

Tena huyo Krapf mwenyewe alikuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu. Alipotafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, mtu wa asili ya Barawa. Kadhi kumsaidia mchungaji kutafsiri Biblia ni jambo ambalo leo lingezua mjadala mrefu kuliko uzi huu, lakini wakati ule lilifanyika kwa utulivu, baina ya watu wawili wenye elimu. Na baadaye, W. E. Taylor wa CMS alipotaka kuijua lugha hii kwa undani, alikwenda kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, na ni kwa kazi ya Mwalimu Sikujua kwamba sehemu kubwa ya tungo za Muyaka ilihifadhiwa. Basi ikiwa unatafuta majina ambayo vitabu vya shule viliyaruka, hayo mawili yaandike juu kabisa ya orodha yako.

Mleta mada

Nimeipokea, Sheikh, na sina pa kujitetea. Nililitumia neno la kitabu bila kulipima. Nililokusudia ni shule ya aina ile iliyozaa makarani, wakalimani na walimu wa serikali ya kikoloni, na hiyo kweli ni aina moja tu ya elimu, tena changa. Ninachoomba ni kwamba marekebisho yako yasitumiwe kuwafuta tena hawa niliowataja, kwa maana wao hawakuwa na chuo cha baba zao cha kurejea, baada ya kung'olewa hapo walipokuwa wakingali wadogo.

Mchangiaji wa Rabai

Mimi ni mzaliwa wa Rabai, na kuna upande mmoja ambao ndugu zangu wote wawili mmeupita kwa mbali. Mmoja anatuhesabia watu waliotoka India, mwingine anatuhesabia masheikh wa mjini. Je, sisi Wamijikenda, wenyeji wa hapa, tulikuwa wapi? Mtu wa kwanza kubatizwa katika kituo hicho alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa kitandani karibu na kufa. Katika waliomfuata palikuwa na Abe Ngoa, Mgiriama, ambaye kwangu mimi ndiye mwalimu asiyetajwa kuliko wote.

Abe Ngoa hakungoja posho ya misheni. Mwishoni mwa miaka ya 1870 alikuwa Fuladoyo, ndani huko kwenye vichaka mbali na mashamba ya pwani, akiongoza kijiji cha watoro, yaani watumwa waliokimbia wenyewe bila kukombolewa na manowari wala na mtu yeyote. Aliwafundisha kile alichokijua, wakasali na wakalima. Hakukuwa na Mzungu anayekaa hapo. Wenye mashamba walikiona kijiji hicho kuwa hatari kuliko Freretown yenyewe, kwa sababu Freretown ilikuwa na balozi wa Uingereza nyuma yake, ilhali Fuladoyo ilikuwa na mishale na imani tu. Mmoja wa viongozi wake, David Koi, aliuawa mwaka 1883 katika uvamizi wa wenye watumwa. Nimewahi kuongoza wageni katika makumbusho yetu ya Rabai, na wengi hufika wakiulizia nyumba ya Krapf na ya Rebmann. Wa kuulizia Fuladoyo sijampata.

Mchangiaji wa Tanga

Nadhani tutaelewana zaidi tukivuka mpaka kidogo, kwa maana jambo hili halikuwa la Mombasa peke yake. Mwaka 1864 Sultani Majid aliwatoa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, akampa Askofu Tozer wa UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana, kule Unguja. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1879. Kutokana na wavulana wa namna hiyo ndipo kilipokua chuo cha Kiungani, na kwa upande wa wasichana, Mbweni. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto na kulelewa Kiungani, alipata upadri mwaka 1890 na kwa miaka kadhaa aliisimamia kazi ya Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, akiwa ndiye kiongozi wa mahali hapo. Bagamoyo nako, Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa na kijiji chao cha waliokombolewa tangu mwaka 1868.

Sasa angalieni kizazi kilichofuata. Martin Kayamba alizaliwa Mbweni mwaka 1891, baba yake akiwa mtu wa UMCA, naye akasoma Kiungani. Mwaka 1922, hapa hapa Tanga, ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika, ambacho wanahistoria wanakihesabu miongoni mwa watangulizi wa vyama vya siasa vya Tanganyika. Mwaka 1931 alikuwa London akitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikichunguza mpango wa kuunganisha nchi za Afrika Mashariki. Wapo wanaomwona Kayamba kuwa mtu wa kuwaridhisha wakubwa, na maandishi yake yanawapa sababu, lakini hata anayemlaumu hawezi kuieleza siasa ya Tanganyika bila kupita mlangoni pake.

Mchangiaji mwingine

Samahani wakuu, ninawasoma kwa hamu lakini naona picha inazidi kupakwa rangi nzuri. Freretown haikuwa pepo. Mnamo 1881 msimamizi wake wa kilei, J. R. Streeter, alilalamikiwa kwa viboko na vifungo alivyowapa wakazi, hadi Balozi John Kirk akalazimika kuja kuchunguza. Watu waliokwisha kuondolewa viboko vya shambani walivikuta kanisani. Mnasemaje juu ya hilo? Na mnasemaje juu ya ukweli kwamba mkombolewa hakuchagua dini, wala jina, wala mahali pa kuishi? Aliteremshwa na manowari, akaandikwa, akapewa jembe.

Mleta mada

Swali hili lilinikalia kooni tangu nianze kuandika, na nisingetaka lipite kijuujuu.

Ni kweli habari za Streeter. Ni kweli pia kwamba misheni ilikuwa na sheria ya kutowapokea watoro, kwa sababu kwa sheria ya Sultani mtoro alikuwa bado mali ya mtu, na CMS haikutaka kugombana na wenye nguvu wa Mombasa. Mwaka 1880 nusura mji uivamie Freretown kwa jambo hilo. Lakini hapo ndipo tofauti baina ya shirika na watu wake inapojitokeza. Walioivunja sheria hiyo, mwaka baada ya mwaka, ni hawa watu wa Bombay, hasa William Jones alipokuwa akisimamia Rabai. Mtoro aliyefika usiku hakukutana na karatasi ya London, alikutana na mtu aliyewahi kuwa na mnyororo shingoni. Jones aliwaacha wakae, wakajenga, wakalima, watoto wao wakaingia darasani.

Kufikia mwaka 1888 hali ilikuwa haiwezi tena kufichika. Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa ndiyo kwanza imepata haki ya kutawala pwani, na mwakilishi wake, George Mackenzie, alitua Mombasa akiwakuta wenye mashamba wakiwa na hasira, nao vituo vya misheni vikiwa vimejaa watoro, si Rabai tu bali pia katika vituo vya Wamethodisti kama Ribe na Jomvu. Mackenzie aliona ni nafuu kulipa kuliko kupigana. Ilikubaliwa wenye watumwa walipwe fidia kwa kila kichwa, na tarehe 1 Januari 1889, mbele ya umati uliokusanyika Rabai, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati zao za uhuru. Vitabu vinampa Mackenzie sifa ya ukarimu. Mimi naona aliyelazimisha malipo hayo ni Jones, kwa kukataa miaka yote ile kumfukuza mtu mlangoni.

Ukitaka kumjua Jones alikuwa mtu wa namna gani, soma safari ya mwaka 1885. Askofu James Hannington alimweka wakfu kuwa shemasi mwaka huo pamoja na Ishmael Semler, kisha akamchukua katika msafara wa kwenda Buganda kwa njia ya Umasai. Walipofika Kwa Sundu, mahali ambapo leo ni Mumias, askofu alitangulia na wapagazi hamsini akamwachia Jones msafara uliobaki. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Jones alingoja hadi wachache walionusurika walipomfikia na habari, kisha akawaongoza watu wote kurudi pwani kupitia nchi ambayo wasafiri wachache sana walikuwa wameipita. Waliingia Rabai mwezi Februari 1886 wakiwa na bendera ya samawati iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno Ikabodi, ambalo wasomaji wa Agano la Kale wanajua maana yake: utukufu umeondoka. Aliyeurudisha msafara huo nyumbani ni shemasi huyo.

Kuhusu kutochagua dini na jina, nakubali, na sitalipaka asali. Ila napenda tutazame walichokifanya na majina hayo. Jacob Wainwright, aliyesoma Nasik, alikuwa pamoja na Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Ni yeye aliyechonga maandishi kwenye mti ulipozikwa moyo wa Livingstone, na ni yeye aliyesafiri na maiti hadi London, akahudhuria maziko ya tarehe 18 Aprili 1874. Aliandika pia shajara ya safari hiyo. Mvulana aliyeuzwa akaandika habari za kifo cha mtu ambaye Ulaya nzima ilikuwa ikimtafuta, halafu sisi tukafundishwa habari ya mtu huyo na kumsahau mwandishi.

Mchangiaji wa Tanga

Niongeze tu kwamba Wainwright alifia Urambo, mwaka 1892, huku kwetu. Nimeishi Tabora miaka sita na sikuwahi kumsikia mtu akilitaja jina hilo.

Mchangiaji aliyekulia Kisauni

Niruhusuni niingie kama mtu wa nyumbani. Bibi yangu alikuwa akisema "sisi Wamisheni" kwa kujivuna, na akisikia mtu anatuita mateka alinyamaza siku nzima. Maneno yote mawili yalitumika juu ya watu wale wale, na lipi litumike lilitegemea anayesema amesimama wapi. Nadhani hilo linaeleza kwa nini majina haya yalipotea. Waliozaliwa na waliokombolewa hawakuwa na kabila la kuwadai. Wakati wa kuandika historia ya taifa ulipofika, kila jamii ilileta mashujaa wake, na Freretown haikuwa na mzee wa kusema "huyu ni wetu".

Isipokuwa mmoja. James Juma Mbotela, mwalimu na mtoto wa mtu aliyekombolewa, alichapisha mwaka 1934 kitabu cha Kiswahili kiitwacho "Uhuru wa Watumwa", akieleza jinsi wazee wake walivyokamatwa na jinsi walivyofika Freretown. Kina upendo mwingi kwa Waingereza, pengine kupita kiasi kwa msomaji wa leo, na wapo waliokibeza kwa sababu hiyo. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Mtu aliyekiandika alikuwa amekaa miguuni pa wazee waliobeba minyororo, akayaandika waliyosema kwa Kiswahili ili watoto wao wasome, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo kwa wakati. Katika ukoo huo huo wa Mbotela ndimo alimotoka Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha siasa cha KAU aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, na Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake redioni iliwauliza Wakenya kwa miongo mingi kama jambo fulani ni ungwana. Mjukuu wa mateka kuwa mwamuzi wa ungwana wa nchi nzima ni jambo ambalo bibi yangu angelicheka hadi machozi, kwa maana pwani ya enzi zake mwungwana na mtumwa yalikuwa maneno yasiyokaa katika mtu mmoja.

Na tusisahau chuo. Shule ya uchungaji ya Freretown, iliyoanza mwaka 1903, ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na ndiyo iliyokua hadi kuwa Chuo Kikuu cha St Paul's. Mnaposikia shule ya sekondari ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926 na kwamba viongozi wa Kenya walitoka huko, kumbukeni kwamba pwani ilikuwa imetoa walimu, makarani na wakalimani nusu karne kabla ya hapo, na baadhi yao ndio waliopanda bara na reli kwenda kufundisha.

Mchangiaji wa Rabai

Umesema kweli kuhusu kabila la kuwadai. Ila Abe Ngoa alikuwa na kabila, na bado amesahauliwa. Kwa hiyo sababu si hiyo peke yake. Nadhani aliyeandika barua kwenda London ndiye aliyebaki katika makabrasha, na Abe Ngoa hakuwa na wa kumwandikia.

Mleta mada

Hilo la barua limenifanya nirudi juu na kusoma andiko langu upya. Jones na Semler tunawajua kwa sababu walijua Kiingereza na waliandika. Abe Ngoa tunamjua kupitia wengine waliomwandika, baadhi yao wakimlalamikia. Sheikh Ali bin Muhyiddin tunamjua kwa sababu Krapf alimtaja. Na wake za watu wa Bombay, waliorudi nao kutoka India na bila shaka walifundisha wasichana wa Rabai kushona na kusoma, sijaweza kuweka hata jina moja katika uzi huu mzima.

Nimemwomba msimamizi wa jukwaa aniruhusu kubadilisha sehemu mbili katika andiko la kwanza. Pale penye "chimbuko la elimu nchini Kenya" nitaondoa, kama Sheikh wa Mji wa Kale alivyonirudi. Na pale nilipoandika "William Jones, wala George David, wala Ishmael Semler", nataka jina la Abe Ngoa litangulie. Mwenye jina lolote la mwanamke aliyefundisha Rabai au Freretown kabla ya mwaka 1900, hata kama ni la nyumbani tu, aliweke hapa chini nami nitaliongeza.